Sensa ipi ya joto kwa mashine ya kutotolesha vifaranga: DHT11, DHT22 au DS18B20?

Mkuu, umeuliza ununue DHT11 au DS18B20 kwa mashine ya kutotolesha unayoiunda kwa Arduino (kile kibao kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu), na kwamba rafiki yako kakwambia uchukue tu ile yenye desimali nyingi. Nianze na hilo la desimali, maana linawapoteza wengi.

Desimali zinaonyesha sensa inakata joto vipande vidogo kiasi gani. Kama inasema kweli ni habari nyingine. DS18B20 ikiwekwa kwenye biti 12, kiwango chake cha juu, inapanda kwa hatua za nyuzi 0.0625, lakini karatasi yake ya kiwandani inaahidi usahihi wa ±0.5 tu, kuanzia -10 hadi 85. Kwa hiyo ukisoma 37.5625 kwenye kioo, joto la kweli laweza kuwa 37.1 au 38, na sensa haina kosa lolote.

DHT11 iache. Usahihi wake ni ±2. Mayai ya kuku kwenye mashine yenye feni yanataka 37.5 hadi 37.8 hivi kwa siku 21. DHT11 ikikuandikia 37, humo ndani panaweza kuwa na 35 au 39. Kumfundishia mwanafunzi kuandika programu, sawa, sina ugomvi nayo.

DHT22 ni afadhali sana: ±0.5 kwa joto, na inakupa unyevu pia. Mimi naitumia kwa unyevu tu, joto naliachia DS18B20. Sensa za unyevu zikikaa muda mrefu kwenye hewa yenye maji mengi huanza kupotoka, na sisi siku tatu za mwisho ndipo tunapopandisha unyevu. Ikibidi kitu kiyumbe, heri uyumbe unyevu kuliko joto. Ukiwa na hela kidogo zaidi, SHT31 inaizidi DHT22 kwa vyote viwili. Ipo pia TMP117, yenye ±0.1 kati ya -20 na 50, ila kwa mayai ni kujitakia gharama.

Sasa DS18B20 yenyewe. Kuna ile ya ndani ya bomba la chuma yenye waya mrefu, na kuna ile tupu ya miguu mitatu inayofanana na transista. Wengi hukimbilia ya bomba kwa kuwa inaonekana imara. Kwa maji, ndiyo. Kwa hewa, lile bomba linachelewa kupata joto, hivyo hita inaendelea kuwaka wakati hewa imeshafika, halafu joto linapitiliza. Chukua ile tupu, valisha miguu mpira wa kusinyaa kwa joto, weka rezista ya kiloohm 4.7 kati ya data na umeme, ining'inize usawa wa mayai. Isiitazame balbu inayopasha joto uso kwa uso. Ukitaka tatu au nne kwenye trei tofauti, zote zinakaa pini moja ya Arduino, kwa sababu kila moja ina namba yake ya biti 64. Waya upite kutoka sensa hadi sensa, usiutawanye matawi matawi.

Bandia zimejaa, iwe Kariakoo ya Dar, Luthuli Avenue ya Nairobi au mtandaoni. Soma ile namba ya biti 64: halisi huanza na 28, na kabla ya baiti ya mwisho kwa kawaida kuna 00 mbili. Bandia si lazima iwe mbovu, ila ile ahadi ya ±0.5 haikuhusu tena, kwa hiyo ipime.

Kupima hakuhitaji maabara. Barafu iliyopondwa ndani ya maji, ukikoroga, ni nyuzi 0. Maji yanayochemka usiyaamini kama uko nyanda za juu: Dar yanachemka karibu na 100, Nairobi ni kama 94. Kilicho bora kwa kazi yako ni kipimajoto cha homa cha dijitali cha duka la dawa, maana kimetengenezwa kuwa sahihi hapo hapo kwenye 37. Valisha sensa kipande cha nailoni, zitumbukize pamoja kwenye maji ya uvuguvugu, subiri zitulie, andika tofauti. Tofauti hiyo ndiyo unayoijumlisha au kuitoa kwenye programu.

La muhimu kuliko yote haya ni waya ukichomoka. DS18B20 ikipotea, maktaba ya DallasTemperature (programu iliyoandikwa tayari ya kuisoma sensa hii) inakurudishia -127. Programu yako inasema "chini ya 37.5, washa hita". Minus 127 iko chini ya 37.5. Hita itawaka usiku kucha na asubuhi una mayai ya kuchemsha. DHT nayo ikishindwa kusoma inarudisha NaN, yaani "si namba", ambayo ukiilinganisha na namba yoyote jibu ni "hapana". Kama umeandika sharti moja la kuwasha na lingine la kuzima, yote mawili yanashindwa na rilei, ile swichi ya hita, inabaki ilivyokuwa. Na DS18B20 ikiwashwa tu, kabla haijapima, inatoa 85. Weka sharti la kwanza kabisa: kusoma kokote nje ya 10 na 50, au NaN, zima hita na piga king'ora.

Hujasema kama mashine ina feni. Kama haina, hesabu inabadilika: joto la juu na la chini hutofautiana, kwa hiyo sensa iwe usawa wa mgongo wa mayai na ulenge 38.5 hivi hapo. Tupia picha ya ndani tuone balbu umeiweka wapi.