Maswali ya Wasomaji: Pochi ya utambulisho isimtege mwenyewe

SWALI: Ninaongoza watalii hapa Arusha, na kila ninapopata kazi mpya huombwa picha ya kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp. Siku hizi nasikia habari za pochi za kidijitali za utambulisho. Zina tofauti gani na picha ambayo tayari ninayo kwenye simu?
Msomaji, Sakina

JIBU: Picha inaweza kusambazwa na yeyote aliyeipokea, na mpokeaji mwenyewe hawezi kujua kama imechezewa. Pochi ni programu ya simu inayotunza hati iliyotiwa sahihi ya kidijitali na mamlaka iliyoitoa, pamoja na ufunguo wa siri usiotoka ndani ya simu, hivyo anayekuhakiki huthibitisha kwamba hati ni halali na kwamba anayeiwasilisha ni mwenyewe. Isitoshe, pochi nzuri hutoa kile tu kilichoombwa. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa. Anayetaka kujua tu kama umetimiza miaka 18 hana haja nayo.

SWALI: Mimi ni mtengenezaji wa programu mjini Moshi. Chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa kimeniomba nibuni pochi itakayowawezesha wanachama kuingia kwenye akaunti zao mtandaoni bila nywila. Wengi ni wazee wa Kibosho na Marangu, na baadhi yao hutumia simu moja na wajukuu. Niliwapa vijana wa ofisini wajaribu, wote wakamaliza bila shida. Je, inatosha?
Msomaji, Moshi

JIBU: Haitoshi, na si kwa sababu tu kwamba vijana wa ofisini si wazee wa Kibosho. Ulichopima ni kama mtumiaji anaweza kukubali ombi, ilhali usalama wa pochi unategemea zaidi kama anaweza kulikataa. Wazee hao ndio wanaotumiwa ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii». Wape maombi kadhaa, mengine ya chama na mengine ya kughushi yanayofanana nayo, kisha uhesabu mara ngapi walikataa pale walipopaswa kukataa.

Hata hivyo, usimtwike mzee kazi ya kusoma anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Sahihi inayotolewa na pochi ifungamanishwe na anwani halisi ya tovuti ya chama, ili tovuti ya tapeli isipate kitu hata mwanachama akibonyeza kila kitufe. Kinachobaki kwenye skrini kiwe Kiswahili cha kawaida, kwa mfano: «Chama kinaomba jina lako na namba ya uanachama. Hakitaona namba yako ya NIDA.» Vitufe vya Ruhusu na Kataa viwe na ukubwa ule ule. Jingine la kuiga ni kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 20, 2024, inayotaka mwenye pochi aweze kuona orodha ya waliopokea taarifa zake na kuomba zifutwe. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakihusu chama chenu pia, kwa hiyo wanaokusanya taarifa hizo wawe wamesajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Suala la simu ya pamoja ni gumu kuliko linavyoonekana. Ukiruhusu pochi ifunguliwe kwa alama yoyote ya kidole iliyosajiliwa kwenye simu, mjukuu naye ataifungua. Tena vidole vilivyoshika jembe miaka mingi mara nyingi havisomeki vizuri. Afadhali kila mwanachama awe na namba yake ya siri ndani ya pochi.

Simu ikipotea, ndipo pochi nyingi huwaacha wenyewe njiani. Baadhi ya wabunifu humpa mtumiaji maneno 12 au 24 ya kurudishia pochi, aghalabu ya Kiingereza, ayaandike na kuyaficha. Kwa wanachama wako sioni faida yoyote ya utaratibu huo, kwani karatasi hiyo ama itapotea ama itaonwa na mtu mwingine. Chama chenu kinawafahamu watu wake kwa sura, basi kitumie nafasi hiyo: mwanachama aje ofisini na kitambulisho chake, ufunguo wa zamani ufutwe papo hapo, na hati mpya itolewe kwenye simu nyingine. Usifungue njia ya kufanya hayo kwa kupiga simu tu. Tapeli anayejifanya mwenye laini ili apewe laini ya mtu mwingine hahitaji kuvunja usimbaji (ufichaji wa taarifa kwa msimbo) wowote, humdanganya tu anayehudumia.

Wenye vitochi waendelee kuhudumiwa dirishani kama sasa, bila kulazimishwa kununua simu janja.