Mwimbaji anaondoka, nyimbo zibaki na nani? Maswali ya bendi changa za Kigoma na Tabora

Safari hii karibu maswali yote yametoka kwa bendi ndogo: vijana watatu au wanne, magitaa mawili, dramu ya kuazima, nyimbo za popu na roki walizotunga wenyewe, na bendi yenyewe haijamaliza hata miaka miwili. Tumeanza na lenye haraka kuliko yote.

Shikamooni. Tuko wanne hapa Gungu, Kigoma. Tumepiga shoo 11 na tuna nyimbo saba zetu. Mwimbaji wetu anakwenda chuo Dar es Salaam baada ya wiki sita na hatarudi karibuni. Tuendelee kutafuta shoo, au tufanye nini?

Marahaba, wadogo zetu. Acheni shoo, ingieni kurekodi. Shoo ya 12 haitawapa kitu ambacho zile 11 hazikuwapa, lakini wimbo usiorekodiwa unaondoka na mwenye sauti. Tena msirekodi zote saba. Wiki sita zinatosha nyimbo nne zilizokamilika. Mkizitaka zote mtapata saba za nusunusu. Chagueni zile ambazo watu ukumbini walianza kuitikia kabla hamjafika kiitikio cha pili.

Wiki ya kwanza msiguse studio. Pigeni kila wimbo kwa metronomu (kifaa au programu ya simu inayogonga mapigo kwa mwendo mmoja) mpaka mjue mwendo wake hasa, kisha andikeni kwenye karatasi: mapigo 112 kwa dakika, ufunguo wa A, ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio mara mbili. Bendi nyingi hugundua studioni kwamba siku zote zimekuwa zikianza na 112 na kumaliza na 124, kwa sababu watu wakichangamka mpiga dramu naye anachangamka. Jukwaani hiyo ni raha. Studioni, mnaporekodi chombo kimoja kimoja, gitaa la pili halitashikana na la kwanza.

Wiki ya pili rekodini dramu na besi za nyimbo zote nne kwa mkupuo, maana kazi kubwa ni kupanga maiki, si kupiga. Mkiwa na maiki nne zinatosha: moja kwenye dramu ya mguu, moja kwenye sneya (ile dramu ndogo ya mlio mkali), mbili juu. Hizo mbili za juu lazima ziwe na umbali sawa kutoka katikati ya sneya. Chukueni kamba, mmoja ashikilie ncha katikati ya sneya, mwingine aivute hadi maiki ya kwanza, apige fundo hapo, kisha aipeleke ile ile hadi maiki ya pili. Fundo lisipofika au likipitiliza, sogezeni stendi. Msipopima, pigo moja litafika kwenye maiki hizo kwa nyakati mbili tofauti, na sneya itasikika nyembamba kama kopo, na hakuna prodyuza atakayeirudishia mwili.

Wiki ya tatu ni ya mwimbaji, hata kama magitaa hayajakamilika. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha sauti mwisho kwa kuwa ndiyo desturi, ratiba inateleza, na mwimbaji anapanda treni akiwa ameimba wimbo mmoja na nusu. Aimbe juu ya gitaa la kuongozea, yaani la muda tu, la kumshikia wimbo. Wapiga magitaa mko Gungu, mnaweza kurekodi hata baada ya miezi mitatu. Asiimbe zaidi ya nyimbo mbili kwa siku, na kila wimbo auimbe mara tatu au nne nzima nzima, kisha mchague. Arekodi pia sauti za kuitikia siku hiyo hiyo, maana baada ya hapo hamtampata.

Wiki zinazobaki ni za magitaa na kuchanganya sauti, na tunawaomba muwe na tarehe ya mwisho. The La's wa Liverpool walihangaika miaka kadhaa na maprodyuza tofauti, albamu yao ikatoka 1990, na mtunzi wao Lee Mavers akaikataa hadharani kwamba sivyo alivyoitaka. Hawakutoa nyingine. Albamu hiyo moja ndiyo inayowafanya wakumbukwe mpaka leo, pamoja na kasoro alizozisikia yeye.

Mkimaliza, msiondoke studioni na MP3 peke yake. Dai faili ghafi za kila chombo, za WAV (sauti isiyobanwa kama ya MP3), zote zikianzia sekunde ile ile ya sifuri hata kama gitaa linaingia katikati ya wimbo. Kwa kiwango cha biti 24 na kiloherzi 48, chombo kimoja cha mono kinakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye vyombo 12 ni kama MB 415, na nyimbo nne hazifiki GB 2. Flashi mbili ndogo zinatosha, moja ikae kwa mwimbaji na nyingine ibaki Kigoma. Kwenye makubaliano na studio semeni hilo kabla ya kulipa, maana baada ya mwaka mmoja kompyuta ya studio inaweza kuwa imefutwa.

Tuko watatu Isevya, Tabora: gitaa, besi na sauti. Mpiga dramu ametuacha. Tukitumia midundo ya simu watu watatudharau?

Wanaodharau ni wale wanaosikia midundo ya simu ikitoka vibaya. Young Marble Giants wa Cardiff, Wales, walikuwa watatu kama ninyi, mwimbaji wa kike na wanaume wawili ndugu wa tumbo moja, midundo yao ikitoka kwenye mashine na kupigwa kwa kanda. Walitoa albamu moja tu mwaka 1980 kisha wakaachana, na bado wanamuziki wanaitafuta.

Siri ni kutengeneza faili ya stirio ambayo upande wa kulia una midundo na upande wa kushoto una mlio wa kuhesabu, "ti, ti, ti". Tumia waya wa jeki ndogo ya milimita 3.5 unaogawanyika mara mbili: kulia uende kwenye mixa, kushoto uende kwenye spika za masikio za mpiga besi. Weka mihesabu minne mitupu kabla ya wimbo kuanza ili mwingie pamoja. Simu iwe kwenye hali ya ndege; simu ikiita katikati ya kiitikio, ukumbi mzima utasikia. Na kila wimbo uwe faili yake, si nyimbo zote mfululizo, ili mwimbaji apate nafasi ya kuongea na watu.

Tulipiga kwenye mahafali hapa Ipuli kwa umeme wa jenereta. Maiki zilipiga mluzi muda wote, gitaa la besi lilinguruma hata lisipopigwa, na katikati spika zikazimika. Tatizo ni mixa?

Haielekei kuwa mixa, kaka. Hayo ni matatizo matatu yaliyokutana siku moja.

Mluzi unatokea maiki inaposikia spika, sauti ikaingia tena kwenye mixa na kutoka kwa nguvu zaidi, ikizunguka. Angalia kwanza mahali: spika kuu ziwe mbele ya waimbaji, zikiwapa mgongo. Kisha geini, kile kitasa cha mixa kinachopandisha sauti inayoingia kutoka kwenye maiki. Mwambie mwimbaji aimbe kwa nguvu yake ya mwisho, panda geini mpaka taa nyekundu iwake kidogo, rudi chini kidogo, acha hapo. Wengi hupandisha geini kwa mtu anayesema "halo, halo" kwa upole, na akianza kuimba kila kitu kinafoka. Midomo iwe vidole viwili au vitatu kutoka kwenye maiki, na mkono usifunike kichwa chake. Kukifunika kama wanavyofanya kwenye video kunaifanya maiki isikie kila upande, pamoja na nyuma ziliko spika za jukwaani.

Ngurumo ya besi inatokana mara nyingi na waya wa athi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini): amplifaya ya besi imechomekwa soketi moja na mixa soketi nyingine ya mbali, na kati yao umeme mdogo unapita kwenye waya wa sauti. Chomekeni vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja. Msivunje kamwe pini ya athi ili ngurumo iishe. Ngurumo itakwisha kweli, lakini siku amplifaya ikiwa na hitilafu, mpiga gitaa ameshika nyuzi na midomo imegusa maiki, umeme utapita mwilini mwake.

Sasa kuzimika. Jenereta iliyoandikwa kVA 2.5 inatoa kama wati 2,000 za kudumu. Mixa, amplifaya mbili na spika mbili zenye amplifaya ndani zinaingia humo vizuri, kwani spika iliyoandikwa wati 1,000 haili zote hizo kwa mfululizo. Mara nyingi anayewaangusha ni mtu wa jikoni aliyechomeka jiko la chipsi, ambalo peke yake linaweza kula wati 2,000. Volti zinashuka kutoka 230 hadi 180 na spika zinajilinda kwa kuzimika. Kabla ya shoo fuata waya kutoka kwenye jenereta mpaka mwisho, uone nani mwingine amening'inia hapo. Jenereta iwashwe dakika tano bila mzigo, na vyombo vizimwe kabla haijaishiwa mafuta: inapokohoa, volti hupanda na kushuka ovyo, na hapo ndipo amplifaya zinapoungua.

Mpiga gitaa wetu ametoka kwa ugomvi. Anasema nyimbo ni zake na jina la bendi ni lake. Ni kweli? *(Kasulu)*

Tenganisheni vitu vitatu: nyimbo, rekodi na jina.

Wimbo ni wa waliotunga maneno na melodi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inaanza pale kazi inapotungwa, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hakuzai haki hiyo, ila kunawapa ushahidi mkigombana. Kama mmetunga pamoja, ninyi nyote ni wamiliki. Kama yeye alileta wimbo mzima na ninyi mkaupiga tu, ana hoja, na msimdhulumu kwa sababu ya hasira. Rekodi ni kitu kingine: mara nyingi mwenye dai ni aliyeigharamia, isipokuwa mliandikiana vingine.

Jina ndilo linaloumiza zaidi. Bendi za dansi za zamani zilijengwa juu ya mwenye vyombo. NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi ikawa JUWATA, kisha OTTU, ndipo ikawa Msondo Ngoma. Wanamuziki waliingia na kutoka. Shem Karenga mwenyewe alitoka Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma akaenda kung'ara Tabora Jazz. Ninyi hamna mwajiri wala mwenye vyombo, kwa hiyo jina lisiloandikwa popote litabaki kwa mwenye nywila za akaunti. Kaeni naye kikao kimoja, mbele ya mtu mzima mnayemheshimu wote, na karatasi moja kwa kila wimbo: jina la wimbo, tarehe, nani maneno, nani melodi, asilimia zinazofika 100, sahihi. Chini kabisa andikeni nani atatumia jina na nani anashika barua pepe ya akaunti ya msambazaji wa mtandaoni, yaani kampuni inayoziweka nyimbo zenu kwenye mitandao ya muziki. Akaunti hiyo ikiwa kwa mtu mmoja, na mapato yataingia kwake.

Tunatoka Tabora, tumealikwa kupiga Kigoma kwa laki nne. Tubebe nini kwenye treni?

Magitaa, waya, piki, sneya, matoazi na pedali ya dramu ya mguu. Dramu kubwa na stendi mwenyeji azitafute huko. Magitaa yakae nanyi behewani, si kwenye mizigo. Nusu ya malipo ipokelewe kabla ya kukata tiketi. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na kulala vikishapita laki tatu, jueni mnakwenda kujitangaza, na mkubaliane hivyo kabla ya safari.

Nyuzi za gitaa zinashika kutu ndani ya wiki mbili. Ni upepo wa ziwa? *(Kibirizi)*

Hapana, dada. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya kula chuma kama ya bahari. Chumvi inatoka kwenye jasho la vidole, na unyevu wa masika unaisaidia. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, pitisha kitambaa kikavu cha pamba chini ya kila uzi, kutoka kwenye daraja mpaka shingoni, kisha juu yake. Gitaa lisilale ndani ya begi lililolowa. Liache begi wazi usiku mmoja likauke kwanza.