Jibu: Kwa nini wanaimba harusi ya miungu kwenye harusi za watu?

Mkuu, umeuliza kwa nini Wahindu wa kusini mwa India kwenye harusi wanaimba ndoa ya miungu badala ya kuwasifia maharusi. Iko hivi, siku ile maharusi wanahesabiwa kama mungu Rama na mkewe Sita wenyewe, kwa hiyo ukiimba ndoa ya Rama umeshawasifia na hao wawili kwa mpigo, ndo maana wimbo wa Sita Kalyana Vaibhogame wa mtunzi Tyagaraja (alifariki 1847) unaimbwa sana hata na Watamil, wakati maneno yake si ya Kitamil. Halafu kwenye mji wa Madurai, huko huko kusini, kila mwaka, Aprili au Mei, wanamuoza kabisa mungu mke Meenakshi kwa mungu Shiva, mji unafurika.

Ila mi anayenimaliza ni Andal, mshairi wa Kitamil wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Huyu hataki kuolewa na binadamu, anamtaka mungu Vishnu tu. Kwenye shairi lake la Varanam Ayiram anamsimulia rafiki yake wa kike ndoto ya harusi, bwana harusi anakuja na tembo elfu, ngoma zinapigwa, juu yao lulu zimening'inia, we unadhani ni mbwembwe tu, mara anashuka kwenye vitu vidogo kabisa: jamaa anaushika mguu wake anauweka juu ya jiwe la kusagia, kaka zake wanachota bisi za mchele za kutolea sadaka motoni. Hilo jiwe mpaka leo lipo kwenye harusi za Kitamil!

Anza na ya Tyagaraja, inashikika haraka. Ya Andal tafuta yenye tafsiri.