Maswali ya Wasomaji: Mstari Huu Aliambiwa Nani?

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu na nauza nguo za mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu. Mwaka jana biashara ilipoyumba, dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani alinitumia kwenye simu Yeremia 29:11, ile ahadi ya Mungu ya mawazo ya amani na tumaini. Niliukariri mstari huo, nikaungoja utimie. Mwaka umekwisha na deni bado lipo. Tena kila Januari naanza kusoma Biblia kutoka Mwanzo, na kila mara nakwama katika Mambo ya Walawi. Je, ni imani yangu iliyo haba, au ni kusoma nisikojua?

JIBU: Dada yangu, imani yako sina sababu ya kuitilia shaka, kwa maana asiye na imani hangojei ahadi mwaka mzima huku akidaiwa. Unavyosoma ndivyo tulivyosomeshwa wengi wetu tangu shule ya Jumapili: mstari mmoja wa kukariri, kisha mwingine, kila mmoja ukiwa peke yake. Lakini waandishi wa Biblia hawakuandika mistari, waliandika barua, masimulizi, mashairi na sheria. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unatokana na kazi ya Stephen Langton, mwanachuoni Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 13, na nambari za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, mwaka wa 1551. Nambari hizo zina kazi yake, kama nambari za vibanda hapo sokoni kwenu: zinakusaidia kumpata muuzaji, ila hazikuambii anauza nini. Pengine hata hukata maneno yasiyofaa kukatwa. Paulo anaposema katika 1 Wakorintho 11:1, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo," anahitimisha jambo la sura ya 10, yaani kutoitafuta faida yake mwenyewe bali ya wengi, na anayeanzia kusoma sura ya 11 hawezi kujua anaambiwa amfuate Paulo katika lipi.

Sasa turudi kwa Yeremia, na nakuomba uifungue Biblia yako unaponisoma. Sura ya 29 ni barua. Mistari ya kwanza inataja ilikotoka, Yerusalemu, na ilikokwenda, Babeli, kwa watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza pamoja na mfalme Yekonia, jambo lililotokea mwaka wa 597 kabla ya Kristo. Inataja hata waliotumwa kuipeleka, Elasa na Gemaria. Rudi nyuma kidogo hadi sura ya 28, utamkuta nabii Hanania akiwatangazia watu kwamba katika muda wa miaka miwili mateka watarudi na vyombo vya hekalu vitarudi. Ulikuwa ujumbe mtamu, na ni rahisi kuwaona watu wakiushangilia. Barua ya Yeremia inasema kinyume chake: jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, oeni na kuoza, uombeeni amani mji huo mliopelekwa mateka. Kisha mstari wa 10 unataja muda wenyewe, nao ni miaka 70. Baada ya kuwaambia hivyo ndipo Mungu anaposema, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Unaona jinsi mstari unavyobadilika ukirudishwa nyumbani kwake. Wengi wa watu wazima walioisikia barua ile ikisomwa wangekufa na kuzikwa Babeli kabla ya miaka hiyo kwisha, na hao ndio walioambiwa kwamba Mungu anawawazia amani. Kwa hiyo mstari huu haukukuahidi, dada yangu, kwamba deni litalipika kabla ya Desemba, na kama haukuahidi hivyo basi haukukudanganya. Unachokufundisha ni kwamba Mungu hakuwasahau watu wake katika miaka waliyoiona kuwa ya kupotea, na kwamba katika miaka hiyo hiyo aliwataka wajenge, wapande na walee watoto. Nasema haya kwa upole kwa sababu mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, niliwahi kumwandikia mstari huu binamu yangu aliyeanguka mtihani, bila kuisoma sura. Alipoanguka mara ya pili hakutaka tena kuzungumza nami habari za Biblia, nami nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba kosa lilikuwa langu.

Kuna msaada mwingine ulio mdomoni mwako tayari. Lugha yetu hutenganisha wewe na ninyi, na hiyo ni neema kubwa kwa msomaji wa Maandiko. Katika neno "ninayowawazia", kile kiungo "wa" kinakujulisha kwamba wanaosemeshwa ni wengi. Tazama pia Luka 22:31 na 32, Yesu anapomwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka ninyi apate kuwapepeta vile vile kama vile ngano," kisha papo hapo anageuka: "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Wanaotakiwa na Shetani ni mitume wote, anayetajwa kuombewa ni Simoni, na sababu inafuata mara moja, kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Anayepita haraka juu ya "ninyi" na "wewe" ameupita moyo wa maneno hayo.

Na hilo neno "isitindike" likikuzuia, usiliruke. Fungua Yohana 2:3, kwenye harusi ya Kana, ambapo tafsiri hiyo hiyo ya Kiswahili, ile ya Muungano, inasema "divai ilipowatindikia", na mama yake Yesu anasema hawana divai. Basi umelijua neno bila kamusi: ni kuishiwa. Yesu alimwombea Simoni asiishiwe na imani.

Kuhusu Walawi, kiache kwa sasa. Anza na Marko, chenye sura 16 tu, ukisome kwa sauti sehemu ndefu kwa mara moja, jioni ukishafunga kibanda. Kila unapofika mahali pagumu uliza ni nani anasema, anamwambia nani, na ni jambo gani limetokea kabla ya hapo. Walawi utakisoma vizuri zaidi baada ya Kutoka, ukijua kwamba hema ya kukutania imekwisha kusimamishwa na watu wanafundishwa namna ya kuikaribia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa Vihiga. Babu husoma Biblia ya Luragoli, nami husoma ya Kiswahili, na mara nyingi tunabishana ni ipi iliyo sahihi. Tufanyeje?

JIBU: Mwanangu, vitabu hivyo viwili ni karibu marika. Biblia nzima ya Luragoli ilitoka mwaka wa 1951, Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano ikafuata mwaka wa 1952, na ya Dholuo mwaka wa 1953. Ile ya Muungano ilikuja kuwaunganisha wasomaji waliokuwa wakitumia tafsiri za Kiunguja na za Kimvita, na ndiyo maana ina maneno ya pwani ambayo kijana wa Vihiga hayasikii nyumbani. Zote zinatafsiri Maandiko yale yale, kwa hiyo mnapotofautiana msiulize kwanza nani ameshinda. Mwombe babu asome fungu zima kwa sauti, nawe ufuate katika Kiswahili kwa kidole. Pale maneno yanapoachana, mwombe akueleze neno lake lina maana gani katika mazungumzo ya kawaida ya Luragoli, kisha umweleze la kwako, ndipo mrudie fungu lote tangu mwanzo.