Muulize Nahodha: "Hatushuki nchi kavu, pasipoti za nini?"

SWALI: Shikamoo Nahodha. Nina boti ya faiba ya futi 26, mashine mbili, na cheti cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, ninacho. Mwezi ujao napokea wageni wanne, Wajerumani watatu na Mmarekani mmoja. Shida yao ni nduwaro tu, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki. Kijana ninayefanya naye kazi anasema nduwaro wakubwa wako kusini ya mlango wa mto Ruvuma, na kwa kuwa hatutatia nanga wala kushuka, wageni hawahitaji ruhusa yoyote ya Msumbiji. Anashauri pasipoti zibaki hotelini zisilowe. Nimsikilize?
Mwenye boti, Msimbati

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Usimsikilize. Hilo la kuacha pasipoti hotelini limenikosesha usingizi, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi.

Nilikuwa baharia kijana, msimu wa kaskazi, bahari imelala. Tulitoka Shangani ya Mtwara alfajiri na wageni wawili wazee. Saa mbili asubuhi fimbo ya kulia ikapinda, uzi ukaanza kukimbia, nduwaro akaruka mara tatu kisha akashika kusini. Samaki wa namna ile huwezi kumsimamia, uzi utakatika, unamfuata. Tulimfuata zaidi ya saa mbili. Siku zile hatukuwa na GPS, tulikuwa na dira na macho, na macho yangu yalikuwa kwenye uzi. Nilipoinua kichwa, mikoko ya mlango wa Ruvuma ilikuwa nyuma ya bega langu la kulia.

Chombo cha doria hakikukawia. Tuliulizwa vitu vitatu kwa Kireno, na askari mmoja akatufasiria kwa Kimakonde: pasipoti za wageni, kibali cha kuvua, na karatasi ya boti kutoka bandarini. Hatukuwa na hata kimoja. Samaki alikuwa bado kwenye ndoana wakati tunaulizwa, wakaukata uzi. Tulikaa siku mbili. Walitupa chakula, hawakututukana, na kosa lilikuwa letu. Ila mmoja wa wale wazee alikuwa anatumia dawa ya presha kila asubuhi, na dawa ilikuwa hotelini kwenye begi moja na pasipoti. Asubuhi ya pili alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, midomo mikavu, ananiuliza tutaondoka saa ngapi. Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo sijatoa boti na mgeni kabla ya kushika pasipoti yake mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni, na dawa zake pembeni.

Sasa tuje kwenye sheria, maana kijana wako anachanganya nchi kavu na nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania na Msumbiji zote zimeuridhia, unaipa kila nchi ya pwani maili 12 za baharini kutoka ufukweni, karibu kilomita 22, kuwa mali yake kama shamba la mtu. Ukiwa ndani ya maili hizo uko nchini mwao, hata kama unyayo wako haujagusa mchanga. Ni kweli chombo cha kigeni kinaruhusiwa kupita humo kwa amani. Lakini mkataba huohuo umetaja mambo yanayoondoa hiyo amani, na kuvua samaki kumetajwa kwa jina. Kwa hiyo anayepita akiwa na mishipi imefungwa ni mpita njia. Akishusha ndoana moja tu majini, si mpita njia tena. Nanga haina habari hapo.

Kutoka maili 12 hadi 24 nchi inaweza kukusimamisha ili kulinda sheria zake za forodha na uhamiaji. Na kutoka hizohizo 12 hadi maili 200 hawadai visa kwa sababu ya kuwa majini tu, lakini samaki wote wa humo ni wao, na kibali cha kuvua kinatakiwa hata kama unavua kwa starehe na kumrudisha samaki majini akiwa hai. Kuna tofauti nyingine ambayo ni vizuri uijue. Huko nje ya maili 12, mkataba unasema adhabu ya kosa la uvuvi isiwe kifungo, labda nchi husika ziwe zimekubaliana vinginevyo, na boti na watu wake waachiwe haraka baada ya kuweka dhamana inayofaa. Ndani ya maili 12 kinga hiyo haipo. Na kijana wako anataka kuwapeleka wageni karibu na mlango wa mto, yaani ndani kabisa.

Mstari wenyewe si wa kubahatisha. Tanzania na Msumbiji zilitia saini mkataba wa mpaka wa baharini huko Maputo, Desemba 1988. Unaanzia mlangoni mwa Ruvuma, unakwenda nje kwa kugawa umbali sawa kati ya pwani mbili, na ukifika mbali unaelekea mashariki moja kwa moja. Wazee wetu walikuwa na ndugu Kionga, ng'ambo ya Ruvuma, na Kionga yenyewe ilihesabiwa upande huu hadi Wareno walipoichukua mwaka 1916, ndiyo maana watu wa Msimbati hadi leo wanauona ule mwambao wa pili kama kwao. Undugu nauheshimu, mimi mwenyewe shangazi yangu ameolewa huko. Askari wa doria hatakuuliza shangazi.

Tena usitegemee kuwa utajua ulipo kwa kutazama pwani. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki unagonga mwambao karibu na Ras Delgado na kugawanyika, tawi moja linapanda kuja kwetu, jingine linashuka kusini. Ukizima mashine ukaacha chambo kielee, unaweza kuchukuliwa upande usioutaka huku wageni wanakunywa soda. Siku hizi GPS zipo hata kwenye simu. Weka alama ya mstari, kisha weka mstari wako mwenyewe maili mbili kaskazini yake, na huo wa pili ndio uwe mwisho wako. Nduwaro akiuvuka, kata uzi. Mweleze mgeni kabla hamjatoka ili asije akakulaumu.

Ikiwa hata baada ya haya wageni wanang'ang'ania kwenda upande wa pili, fahamu kuwa ruhusa ni tatu na hakuna inayobeba nyingine. Ya kwanza ni ya mtu. Wewe Mtanzania huhitaji visa kwa matembezi mafupi Msumbiji, lakini pasipoti na muhuri unahitaji. Wageni wako je? Tangu Mei 2023 Msumbiji imewaondolea visa watalii wa nchi 29, Ujerumani na Marekani zikiwemo, kwa siku 30. Utaratibu ulipoanza walitakiwa wajiandikishe mtandaoni saa 48 kabla na kulipa meticais 650, fedha ya Msumbiji. Hapo ndipo watu wanapoteleza: msamaha huo ni wa mtu anayeingia kupitia kituo cha uhamiaji. Haumhusu anayeibukia katikati ya maji. Ya pili ni ya chombo: unaaga bandarini Mtwara na orodha ya watu wote waliomo, unagongewa mihuri ya kutoka, unaripoti bandari ya huko kabla ya kushusha mshipi. Ya tatu ni ya samaki. Msumbiji ina kanuni zake za uvuvi wa burudani na wa michezo tangu mwaka 1999, na leseni ya hapa Mtwara kule ni karatasi tu.

Angalia pia visa ya Tanzania ya hao wageni. Kama ni ya kuingia mara moja na wakagongewa muhuri wa kutoka, kurudi jioni ni kuingia upya.

Ushauri wangu ni kwamba usiende. Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji tunalopakana nalo, imekuwa na vita tangu Oktoba 2017, mji wa Palma wenyewe ulivamiwa Machi 2021, na boti ya kasi yenye mashine mbili isiyojulikana inatazamwa kwa jicho la vita kabla ya jicho la uvuvi. Halafu, kwa nini? Huku kwetu kina kinaanza karibu sana na pwani. Toka nje ya Msimbati, geuza uso kaskazini kuelekea Lindi, kokota mishipi yako pale rangi ya maji inapogeuka kutoka kijani kuwa buluu nzito. Nimewapatia watu nduwaro, jodari na faulusi hapo bila kuvuka mstari wowote.

SWALI: Nahodha, habari za kazi. Mwanangu anasoma San Diego, Marekani. Wenzake wamemwalika kwenda kuvua kwa meli ya abiria inayoondoka usiku na kurudi kesho yake, wanavua maji ya Mexico karibu na visiwa wanavyoviona kutoka ufukweni. Ameambiwa alete pasipoti na alipie fomu ya utalii ya Mexico, na hawashuki popote. Anaogopa ni utapeli. Mimi naogopa asije akazuiwa kurudi shuleni.
Mama, Rahaleo, Lindi

JIBU: Dada yangu, si utapeli. Visiwa hivyo ni vya Coronado, viko mbele ya Tijuana, ni vya Mexico ingawa mtu wa San Diego anaviona kwa macho. Mexico inafuata hesabu ileile niliyompa mpwa wangu wa Msimbati: uko majini mwao unavua, basi uko kwao. Ndiyo maana wanataka pasipoti na fomu ya mgeni, na mbali na hiyo leseni ya kuvua kwa kila mtu aliyemo melini ikiwa kuna vifaa vya kuvulia, hata anayekwenda kupiga picha. Mara nyingi meli hizo hukusanya malipo yote kwa pamoja. Mwambie aulize bei ya tiketi imejumuisha nini, na aione leseni yenye jina lake kabla ya meli kung'oa nanga. Wana kiwango pia: samaki 10 kwa mtu kwa siku, wasizidi 5 wa aina moja, na baadhi ya aina ni pungufu ya hapo. Wakirudi, California ina fomu yake ya kutangaza samaki waliovuliwa Mexico.

Hofu yako ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Mtanzania kwa kawaida anahitaji visa ya Mexico, lakini mwenye visa ya Marekani ambayo bado hai huwa anasamehewa. Kwa hiyo atazame tarehe ya visa yake, asiseme tu "nina visa". Wanafunzi wengi visa zao zinakwisha wakiwa masomoni na wanabaki kihalali kwa karatasi za chuo, na hawajui mpaka wanapotaka kutoka. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake wiki moja kabla, na fomu yake ya I-20, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, aombe sahihi ya safari, awaeleze wazi kwamba meli inaingia maji ya Mexico. Asione haya kuuliza jambo dogo. Wakimwambia asubiri, asubiri. Visiwa vile vitakuwepo.

Nawe mama usimkataze kwa hofu tu. Mtoto wa Lindi aliyekwenda mbali hivyo akapata siku moja ya kushika mshipi, mwache aushike.

SWALI: Mgeni wangu ana visa ya utalii ya Tanzania. Je, inatosha kuvua kwa fimbo hapahapa kwetu?
Kijana wa Kilwa Masoko

JIBU: Haitoshi. Visa inamruhusu kuwepo. Kuvua kwa michezo kuna leseni yake, kaanzie kwa afisa uvuvi wa wilaya. Mkija huku Mtwara, eneo la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kilomita za mraba 650. Humo mnalipa kiingilio cha hifadhi na kuonyeshwa wapi panavuliwa na wapi hapaguswi.

Na kwa kuwa uko Kilwa, nikuongezee moja. Mgeni akishusha mshipi kwenye kina kirefu akapandisha samaki mkubwa wa buluu mwenye madoa meupe, mapezi yake manene kama viganja, huyo ni silikanti, samaki adimu wa kale, kama yule aliyevuliwa Songo Mnara mwaka 2003. Si wa kupigia picha begani wala kupeleka nyumbani, biashara yake imepigwa marufuku kimataifa. Mwache majini ubavuni mwa boti, toa ndoana, au kata uzi karibu na mdomo, kisha ukitia mguu gati mpigie afisa uvuvi umwambie kina, saa na mahali.