Jibu: Kwa nini Cervera aliingia Santiago, si Havana (1898)

Mkuu, umeuliza kwa nini manowari za Hispania, katika vita vyake na Marekani, zilijifungia Santiago de Cuba badala ya kwenda Havana. Ramani ya bandari haitoshi, fuata makaa ya mawe yaliyoendesha meli hizo.

Cervera, amiri wa kikosi hicho cha Hispania, aliondoka Cape Verde tarehe 29 Aprili. Kisiwani Martinique, Karibi, hakupata makaa. Kisiwani Curaçao Waholanzi waliruhusu meli mbili tu kuingia, nazo zikapata kidogo. Havana ilikuwa imezingirwa na Wamarekani, Santiago ndiyo ilikuwa karibu. Akatia nanga tarehe 19 Mei.

Bandari yenyewe ni nzuri kwa kujificha: mlango mwembamba, vilima pande zote, ngome ya El Morro upande wa mashariki. Lakini mlango huohuo ndio mtego, kwa sababu meli hutoka mojamoja, na kila inayochomoza inapokewa na mizinga ya Wamarekani wote walioko nje. Wamarekani nao walishateka ghuba ya Guantánamo, upande wa mashariki, wakajazia makaa humo bila kurudi Florida. Hapo ndipo vita viliamuliwa, kwa maoni yangu.

Tarehe 3 Julai meli za Cervera zikatoka. Mojawapo, Cristóbal Colón, ndiyo ilikuwa na mbio kuliko zote, japo mizinga yake mikubwa haikuwahi kuwekwa. Ilikimbilia magharibi ikichoma makaa mazuri. Yalipoisha, wakaanza kutupia tanurini makaa hafifu ya Santiago. Mvuke ukapungua, manowari ya Marekani, Oregon, ikaifikia. Saa saba na kitu mchana ikasalimu amri.