Jengo jipya au kituo cha jirani? Wazazi wanauliza kuhusu PP1

SWALI: Tuko upande wa Kinango, Kaunti ya Kwale. Binti yangu atatimiza miaka 4 kabla ya Januari na nataka aanze PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Vituo vya umma ni viwili. Kimoja kiko ndani ya uwanja wa shule ya msingi: darasa la mawe lililojengwa na kaunti, viti vya rangi, bembea. Mimi peke yangu natembea dakika 25 kufika. Cha pili kiko hapa jirani, chumba cha udongo na mabati, mwalimu mmoja. Majirani wote wanasema nimpeleke penye jengo. Nipime vipi? — Mama Mzazi

JIBU: Dada, jengo liweke la mwisho. Chekechea za umma ziko mikononi mwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, na darasa jipya ndilo linaloonekana upesi. Watoto wangapi wanamgawana mwalimu mmoja, hilo huwezi kuliona ukiwa barabarani.

Nenda kote kuwili, siku ya katikati ya wiki na muhula ukiwa umeshika. Wiki ya kwanza idadi hudanganya, na siku ya mnada pia, kwa sababu watoto wengi hubaki nyumbani. Fika saa tatu asubuhi, ujitambulishe kwa mwalimu, kisha hesabu vichwa mwenyewe. Mwalimu mwenye watoto 25 hivi humfikia kila mmoja. Wakifika 50 anabaki kuwaimbisha "a, e, i, o, u" kwa sauti moja, na asiyejua hujificha ndani ya kelele.

Omba kukaa kipindi kizima, ni dakika 30 tu, na uangalie mikono ya watoto. Kuhesabu kwa umri huu ni kushika: vifuniko vya soda, vijiti, mbegu za mabuyu, kama 10 mbele ya kila mtoto. Vikiwa vimefungiwa kabatini havimfundishi mtu. Mtoto wa miaka 4 akipewa daftari anakili "a" ukurasa mzima, utamwona ameshika penseli kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, na mstari wa pili haumalizi. Si mvivu, misuli ya vidole haijakomaa. Hukomazwa kwa kufinyanga udongo, kurarua karatasi na kutunga shanga, na kwa hayo chumba cha udongo chaweza kulishinda darasa la mawe.

PP1 na PP2 (mwaka wa pili) kuwa chumba kimoja si kosa, mradi mwalimu awagawe na kila kundi liwe na kazi yake. Sikiliza pia lugha. Mtaala unataka lugha ya eneo itumike, na kwenu mtoto anayetoka nyumbani na Kiduruma akifokewa kwa Kiingereza siku nzima hunyamaza. Wazazi wengi huuona ukimya huo kuwa nidhamu. Huyo hajaelewa.

Kisha uliza uji: nani analeta unga, na muhula uliopita ulikatika siku ngapi? Watoto 40, kila mmoja kikombe cha mililita 300, ni lita 12 kwa siku, takriban kilo moja na nusu ya unga. Mwalimu akikubali, tazama naye rejista ya mahudhurio: mara nyingi wiki ambazo unga uliisha utaziona kwa alama za kukosa. Maji ya kunawa yawe karibu na choo, na tundu la choo liwe dogo kiasi cha mtoto kuchuchumaa bila kuogopa kutumbukia.

Umbali upime kwa miguu ya binti yako. Dakika 25 zako kwake zaweza kukaribia saa nzima, na akifika kachoka. Kama njiani kuna mto wa msimu, masika atakosa siku nyingi.

Uliza pia mwalimu wa jirani ameajiriwa na kaunti au analipwa na wazazi. Anayelipwa kwa michango huondoka michango ikikwama, na darasa hufungwa katikati ya muhula. Akiwa wa kaunti, watoto hawazidi 30 na uji haukatiki ovyo, mwanzishe hapo jirani. Ukitaka kumhamisha, PP2 atakuwa na miguu yenye nguvu zaidi.

SWALI: Kituo chetu cha umma Lungalunga kinadai shilingi 300 kwa mwezi, na wasiolipa watoto wao wanarudishwa nyumbani. Je, ni sawa? — Baba wa Wawili

JIBU: Si sawa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo. Michango mingine yahitaji idhini ya waziri, tena mtoto hafukuzwi kwa kuikosa, na kila malipo yatolewe risiti rasmi. Anza na mwalimu, umwombe risiti. Asipokuwa nayo, peleka malalamiko kwa afisa wa chekechea wa kaunti anayesimamia wadi yenu. Wengi huishia kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani, na shauri hulala hapo, kwa kuwa yeye yuko chini ya serikali kuu na si mwajiri wa mwalimu wa chekechea. Andika tarehe, kiasi ulichodaiwa na siku ambazo mtoto alirudishwa.